Ukili wa Mwisho

Sahani sita za melamini, zenye maua mekundu katikati na mstari wa rangi ya dhahabu ukingoni. Hizo ndizo nilizopewa, nami nikatoa mkeka wa mazishi wa mama yangu. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kulizungukazunguka. Zamani nikisimulia habari hii nilikuwa naanza na mto, na mafuriko, na dhiki za wakati ule, mpaka msikilizaji anionee huruma kabla hajajua nilichokifanya. Leo sitaki huruma ya mtu.

Kwetu ni Mohoro, na mama alikuwa akisuka mikeka. Asiyeujua mkeka nimweleze upesi: hausukwi mpana kwa mara moja. Unasukwa utepe mrefu wa upana wa kiganja, unaitwa ukili, kisha kili hizo zinashonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utimie. Ukindu tulikuwa tunaukata kando ya mto, mmoja anakata na mwingine anaangalia mamba. Tunauanika, tunauchana, tunauchemsha kwenye rangi. Weusi tuliupata kwenye mizizi ya mdaa, na wekundu kwenye gome la mkoko alilotuletea mama mkubwa, dada yake mama, aliyeolewa Kiongoroni kule karibu na bahari.

Nyumba yetu ilikuwa na nakshi yake. Iliitwa macho ya kiboko. Nusu ya juu ya jicho inasukwa kwenye ukili mmoja, nusu ya chini kwenye ukili unaofuata; ukizishona pamoja, jicho linakutazama. Ukikosea hesabu hata mara moja, kiboko anakuwa kengeza, na mama hakuwa mtu wa kumwonyesha kengeza. Angeufumua ukili wote mbele yako, huku akikuuliza umelelewa na nani.

Basi, wanawake wa upande wa bibi mzaa mama walikuwa na desturi. Mtu akishamzika mama yake, anaanza kusuka mkeka wake mwenyewe wa kuzikiwa, wa kutandikwa juu ya kiunza, ule ubao unaoifunika maiti kaburini, kabla udongo haujamwagwa. Akimaliza anaukunja na kuuweka darini. Lakini haumalizi wote. Upande mmoja anautia pindo jeupe, upande wa pili anauacha wazi, macho yamekatika nusu. Ukili wa mwisho hausukwi mpaka mwenyewe afe. Siku hiyo binti yake ndiye anayeusuka na kuushona, mkeka ukafungwa, ndipo watu wakatoka na jeneza. Hayo niliyajua tangu mtoto, kwa kuyasikia sikio la kushoto yakatokea la kulia. Kuuliza si ujinga, wanasema. Mimi sikuuliza.

Nilichokijua ni visanduku tu, miraba midogomidogo, mtindo wa kwanza anaofunzwa mtoto wa kike akiwa na miaka saba. Mama alikuwa akiniambia, "Macho nitakufunza siku utakayotulia." Wee! Kutulia mimi?

Na mama mwenyewe hakuwa mtulivu. Mpunga ukichanua, jioni viboko walipanda kutoka mtoni kuja kula, na kila shamba lilikuwa na dungu lake la kulindia. Mama alisimama juu ya dungu letu na debe lake la mafuta ya taa, akilipiga kwa mwiko, huku akiwatukana viboko matusi ya kuwataja mama zao na bibi zao. Watu wa mashamba ya jirani walikuwa wanaacha kufukuza wa kwao ili wasikie leo amewaambia nini. Hata shehe alicheka, ingawa baadaye alitoa mawaidha. Mohoro nzima walimwita Mama Debe, naye hakukasirika.

Ile ilikuwa miaka ya ruksa. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya sabuni, na kugawana kanga moja watu wawili, ghafla tukaona maduka ya Kibiti yamejaa vitu mpaka barazani. Mitumba, redio, ndoo za plastiki za kila rangi, magodoro ya sponji. Nilikuwa nimechumbiwa. Nilitaka kabati la vioo lenye vyombo ndani, kama wenzangu. Ukindu niliuona ni mambo ya watu waliochelewa. Nilipokuwa nikipita na tita la ukindu kichwani nikaona vijana wamekaa dukani, nilizunguka njia ya nyuma.

Siku moja akaja bwana na pikapu kutoka Dar es Salaam, miwani ameiweka juu ya kipaji cha uso. Alisema anatafuta vitu vya zamani vya asili, mikeka, vinu, mbuzi za kukunia nazi zilizochongwa vizuri, apeleke kwa watu wanaobuni mapambo ya kisasa ya mahoteli na majumba. Halipi fedha tu, alisema. Ana na vyombo. Akafunua boksi. Zile sahani zilikuwa juu kabisa.

Mama alikuwa shambani. Nilipanda darini mwenyewe, kwa miguu yangu hii, nikaushusha. Nilijiambia mama bado ana nguvu, atasuka mwingine, ana miaka mingi. Yule bwana akaukunjua pale uwanjani. Akapitisha kidole kwenye macho. Kisha akafika ule upande wa wazi, akauliza, "Na hapa mbona umekatika?"

Nikamwambia, "Ndiyo mtindo wenyewe."

"Safi sana," akasema. "Hii ndiyo itakayowapendeza." Akaukunja, akaondoka. Nilibaki nimezikumbatia sahani, nafurahi peke yangu.

Bwana harusi alikwenda Kariakoo kutafuta mtaji, akayeyukia hukohuko. Sahani zikabaki kwenye boksi chini ya kitanda. Mama hakupanda darini, na mimi nikaanza kulisahau jambo lenyewe, kama mtu anavyosahau jino bovu mpaka liume.

Likauma. Mwaka wa pili, asubuhi moja mama alikuwa anachota maji mtungini, kata ikamponyoka. Alipogeuka kunitazama, mdomo wake ulikuwa umekwenda upande. Kiharusi. Wengine walisema upepo mbaya, wengine walisema amekanyaga kitu. Mkono wa kulia ulikufa, mguu wa kulia ukafuata, na maneno yote yale aliyokuwa nayo, matusi yote yale ya viboko, yakawa sauti moja tu: aa, aa. Nilimlisha uji kwa kijiko nikalia machozi yakaingia kwenye uji.

Wiki chache baadaye akainua mkono wa kushoto, akaonyesha dari.

Nilijifanya sielewi. Nikamletea shuka. Akatikisa kichwa, akaonyesha tena. Nikamletea maji. Aa! Nikamwambia, "Mama, mkeka umeliwa na mchwa." Mungu anisamehe. Akageukia ukutani. Tangu siku hiyo kila alfajiri akiamka jicho lake la kwanza lilikwenda darini, na mimi nilikuwa nakimbilia kisimani kuchota maji.

Ningeweza kumwendea mama mkubwa Kiongoroni nikamwuliza namna ya kuusuka upya. Yeye alikuwa anajua. Lakini ningemwambia nini? Kwamba mkeka wa mdogo wake nimeubadilisha kwa sahani? Nilimwogopa kuliko nilivyoogopa mamba. Sikwenda. Nilijaribu kuyasuka macho kwa kukumbuka, nikapata makengeza, nikapata vitu visivyo macho wala pua. Mama aliviangalia, akavisukuma kando kwa mkono wa kushoto.

Siku ya gulio Kibiti nilikwenda kumtafutia dawa. Kwenye kibanda kimoja mchuuzi alikuwa anakunjua mikeka ya plastiki iliyotoka ng'ambo, wanawake wamemzunguka. "Mtindo mpya huo, dada! Hauliwi na mchwa, unafua kwa sabuni, unatandika sebuleni!" Nikachungulia. Yalikuwa macho ya kiboko. Ya kijani na ya pinki, rangi za pipi, lakini macho ni yale, hesabu ni ileile. Upande mmoja pindo jeupe. Upande wa pili macho yamekatika nusu.

Nilikaa chini palepale, kwenye vumbi, watu wakadhani nimeanguka kifafa. Huko walikokuwa wanabuni mambo yao walikuwa wameunakili mkeka wa mama yangu kama ulivyo, pamoja na ule ukingo ambao haujafungwa. Na wanawake wa Kibiti walikuwa wananunua, wanapeleka kwenye harusi, wanawatandikia watoto wachanga. Mkeka wa kaburi uliokuwa unasubiri mtu afe. Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikanunua mmoja.

Nilipoukunjua mbele ya kitanda, mama aliutazama. Akashusha mkono wa kushoto, akaufuatisha pindo mpaka upande wa pili, kidole kikasimama kwenye jicho la nusu. Akaniangalia. Sikuwa na haja ya kuulizwa. Nilipiga magoti nikamwambia yote, pikapu, miwani, sahani, na mchwa wangu wa uongo. Chozi lilimtoka jicho moja tu, lile zima. Halafu akakipigapiga kile kiplastiki kwa kiganja, aa, aa, akionyesha tita la ukindu lililokuwa kwenye kona.

Nikaelewa: suka.

Basi nikajifunza macho ya mama yangu kwenye plastiki. Niliukunjua mkeka ule mapajani nikahesabu nyuzi kama mtoto anayehesabu kokoto: mbili juu, moja chini, tatu juu. Mama alikaa ameegemea ukuta, nikikosea ananifinya. Kwa mkono wa kushoto, lakini alifinya hasa! Vidole vyangu vilichanika. Mpunga niliupanda nusu shamba. Kiangazi kikaisha, vuli ikapita, masika ikaanza, na mkeka wa ukindu ukawa unakua, mweusi na mwekundu kama wa kwanza. Kuna siku nilisuka ukili mzima bila kufinywa, nikamwona mama anatabasamu kwa upande wake mmoja. Sijapata kufurahi vile maishani, wala sitapata.

Nikafika ukingoni, na plastiki ikaishia hapohapo. Ilinifunza kila kitu isipokuwa ukili wa mwisho.

Utaniambia, si ungemalizia tu nusu ya pili ya jicho? Nami nilisema hivyohivyo. Mama alikuwa anazidi kudhoofu, hamezi vizuri, na mimi niliogopa siku ikifika nitakuwa sijui. Nikausuka kabla ya siku yake, macho yakatimia, nikaushona nikamwonyesha kwa fahari. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Akaushika ule ukingo, na mkono mmoja ulipomshinda akainama akakata uzi kwa meno. Kwa meno! Akaung'oa ukili wote akautupa mlangoni, anahema.

"Sasa ni upi, mama?" nikamlilia. "Nionyeshe basi! Ni mtindo gani?"

Akanishika vidole vyangu, hivi vitatu, akaviweka kwenye ukingo wa wazi, akaviacha hapo. Kisha akanitazama.

"Naona kwamba haupo, mama. Nauliza unakuwaje!"

Akavishika tena, akaviweka palepale.

Ndivyo tulivyokwenda, siku kumi, siku kumi na tano. Kila alasiri nikichora mitindo mchangani, samaki, nyota, msumeno, nikimwuliza, "Huu? Huu?" Hakuiangalia hata mmoja. Alivitafuta vidole vyangu tu. Mimi nikaona ananisimanga, ananionyesha pengo nililolitia kwa mikono yangu. Mwishowe nikamfokea. Ndiyo, nilimfokea mgonjwa. Nilisema, "Najua ni mimi! Usinionyeshe tena, najua!" Akaviacha vidole vyangu, na hakuvishika tena.

Alifariki siku ya tatu baada ya hapo, asubuhi, mvua inanyesha na mto umejaa mpaka kwenye migomba. Mjomba akaja, wanawake wakaja, maji ya kuoshea yakabandikwa. Wakamtuma mtu kutafuta mashua ya kwenda Kiongoroni kwa mama mkubwa, lakini kwa maji yale hakuna aliyetumaini kwamba atawahi. Mjomba akaniambia kwa upole, "Mwanangu, haya, funga mkeka. Tunatoka baada ya Alasiri."

Wakaniachia chumba. Nilikaa na ukindu uliolowa mapajani, mweusi huku, mwekundu huku. Nikaanza nusu jicho, nikakumbuka meno yake, nikafumua. Nikaanza msumeno, nikafumua. Nikaanza nyota, sikujua hesabu. Nikasema, Yarabi, nipe hata dalili. Ukindu ukawa unakatika. Nikasikia wanamtoa kumwosha, nikasikia wamemaliza, nikanusa udi na karafuu maiti. Nikaanza tena, nikafumua. Adhana ikatolewa. Mjomba akabisha mlango mara moja, mara ya pili, ya tatu akaingia. Akaniona nimekaa katikati ya takataka za ukindu.

"Bado?"

Niliokota ukindu nikaanza tena. Akauchukua mkeka ulivyo. Nilimshika kanzu, nikamwomba dakika moja, akasema, "Maiti haisubirishwi, mwanangu," akanibandua vidole taratibu. Wakamzika mama yangu na mkeka wazi.

Siku ya tatu, watu wamekusanyika kwa khitima, ndipo mama mkubwa akafika, kanga zimelowa mpaka kiunoni, sauti imemkauka kwa kulia njia nzima. Tulikumbatiana. Alipotulia akanywa maji, akanivuta kando akaniuliza, kwa namna ya mtu anayetaka kufarijiwa kidogo, "Haya, ulimtia nini mwenzangu?"

"Kumtia nini, mama mkubwa?"

"Ukili wa mwisho. Ulimtia nini?"

Nikamwambia sikuujua. Nikamwambia mama hakunifunza, nilimwuliza akakataa, nikajaribu macho akayang'oa.

Akanitazama kama niliyeongea Kizungu. "Angekufunza nini? Ule haufunzwi. Ule ni wa mtoto. Kila binti anamtia mama yake kitu chake mwenyewe, chochote, kile anachomkumbukia, na hautii mama akiwa bado hai, ni kumwombea kifo. Mama yako alimtia bibi yako dagaa. Dagaa, mwanangu! Kwa sababu bibi yako alikuwa mlafi wa dagaa. Walivyonisimulia, maana hata siku ile sikuwahi kufika, walicheka msibani mpaka wanaume wakaja kuchungulia." Akaanza kucheka kwa kukumbuka, kisha akaona uso wangu, akaacha.

Nilitazama vidole vyangu.

Debe. Ningemtia debe. Nisingefikiri hata kidogo. Mtu yeyote wa Mohoro angekuambia, Mama Debe, mtie debe lake. Na debe ni kitu gani kwenye ukili? Ni mraba. Ni visanduku vya mtoto wa miaka saba, mtindo pekee niliokuwa nao tangu mwanzo. Ningeumaliza kabla maji ya kuoshea hayajapoa.

Nilipiga ukelele, wakanishika wanawake wanne. Na nilipoinamisha kichwa chini, pale walipokuwa wamenikalisha, niliona tumekalia nini. Majirani walikuwa wameazima mikeka kwa ajili ya matanga, kila nyumba imetoa wake. Yote plastiki. Yote macho ya kiboko, ya kijani na ya pinki, na kila mmoja ukingo wake uko wazi.

Arobaini ilipokwisha nilianza kuifunga mikeka ile. Nasuka ukili wa visanduku, mweusi na mwekundu, nautoboa ule ukingo wa plastiki kwa sindano ya gunia, naushona. Nilianza na wa kwetu, nikaenda kwa jirani, nikaenda msikitini upande wa wanawake. Sikuombwa, na sikudai kitu. Walisema nimechanganyikiwa na msiba, na hawakukosea sana. Halafu wakaanza kuupenda. Wakawa wananiletea wenyewe, mpaka kutoka Kibiti na Ikwiriri, "Nitilie na mimi kile kipambo chako."

Yule bwana wa pikapu alirudi, miwani ikiwa palepale. Hakunikumbuka. Akaokota mkeka mmoja barazani kwangu, akapitisha kidole kwenye visanduku, akauliza, "Huu mtindo unauitaje?" Nikamwambia ni debe. Akataka kulipa. Nikamwambia chukua, peleka, waambie waitie mikeka yote. Alidhani nina wazimu, akauchukua upesi kabla sijabadili mawazo.

Sasa mikeka ya plastiki inakuja hivyo kutoka hukohuko ng'ambo, ina visanduku ukingoni, imefungwa kiwandani. Juzi niliiona gulioni, imepangwa juu kwa juu, mchuuzi anapiga kelele zilezile za mtindo mpya. Nilikunjua mmoja baada ya mwingine kuhakikisha, mpaka akanifukuza. Hakuna hata mmoja ulioachwa wazi.

Wa mama peke yake.